Jino Moja Nyuma

Baba yangu aliendelea kukohoa kila asubuhi baada ya sisi kumzika. Sisemi hivi kumtisha mtu. Ndivyo ilivyokuwa, na kila aliyelala nyumbani kwetu alikisikia kile kikohozi, akageuza shingo kidogo, akaendelea kupaka mkate siagi.

Kilitoka bandani, nyuma ya nyumba, kwenye gari lake. Lilikuwa gari dogo la kijivu, kuukuu, lenye kiti cha dereva kilichobonyea kwa umbo la mwili wake. Mama akishaamka alijitupia mtandio mabegani, akatoka kwa mlango wa jikoni, akaingia bandani na kuvuta milango miwili ya mabati ikafungana nyuma yake. Tulisikia mlango wa gari. Tukasikia stata. Injini ilishika, ikatetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na ikishatulia ndipo ilipoanza. Koh, koh. Kimya. Kisha moja ndefu, ya mtu anayesafisha koo kwa sababu ana neno la kusema.

Baba alikohoa hivyo hivyo. Mbili fupi, kimya, moja ndefu. Miaka yake ya mwisho tulijua yuko chumba gani kwa kikohozi, na tulijua kama amekasirika au ameshiba kwa kikohozi hicho hicho. Sasa hayupo, gari linakohoa, na neno lenyewe haliji.

Shangazi, dada yake Baba, aliyekuja msibani na begi moja na mpaka leo hajaondoka, ndiye aliyelisema kwanza. Aliweka kikombe cha chai chini akasema, "Huyu kaka yangu hata kufa hakukumfunga mdomo." Tulicheka. Mama aliporudi tukamsimulia, naye akacheka, mkono mdomoni, kama mtu aliyefumaniwa.

Mwanzoni alikaa huko muda mfupi. Alisema anaiamsha betri isife. Kisha akawa anakaa mpaka chai inapoa, kisha mpaka vyombo vinaoshwa, kisha ikawa mtu lazima atumwe kumwita. Siku moja nilitumwa mimi. Nilipofika kwenye mabati sikufungua mara moja, kwa sababu nilimsikia anaongea.

Injini ilikuwa inakohoa zile mbili fupi. Ikanyamaza.

"Ndiyo," Mama akasema.

Ikakohoa ile ndefu.

"Najua. Na mimi nimechoka."

Koh, koh. Kimya. Hapo Mama alisubiri kidogo, kama mtu wa upande wa pili wa simu, halafu akasema kwa sauti laini, sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia na mtu mwingine yeyote, "Nakuja. Nipe muda kidogo tu. Nakuja."

Nilivuta milango kwa nguvu mpaka bawaba moja ikachomoka. Moshi ulinipiga usoni, moshi mzito wenye harufu ya petroli mbichi. Mama alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti, mashavu yamechangamka, macho yanang'aa, anatabasamu kama mtu aliyeamshwa katika usingizi mtamu. "Kichwa kinanigonga kidogo," aliniambia. "Lakini si vibaya."

Sasa nijieleze. Mimi ni fundi magari. Nimejifunzia mikono gerejini kwa Baba, nikajifunzia kichwa chuoni, na nina diploma. Baba mdogo, mdogo wake Baba, anayeendesha gereji sasa, ananiita Diploma, na hanipongezi. Kwa hiyo nilijua vizuri kitu gani kimo ndani ya ule moshi. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoingia kwenye damu polepole na kumlaza mtu bila kumpa nafasi ya kuogopa. Injini yenye afya huitoa. Injini inayochoma vibaya huitoa zaidi. Na injini ile ilikuwa inachoma vibaya kuliko zote nilizopata kuzishika.

Nilimwambia Mama hivyo, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika kidevu.

"Baba yako hawezi kunidhuru, mwanangu."

"Si Baba, Mama. Ni moshi."

"Wewe unasikia moshi ukiongea?"

Nilificha ufunguo. Mama hakugomba. Aliacha kula tu. Alikaa kwenye kigoda jikoni, uso ameuelekeza bandani, akawa anakonda mbele ya macho yetu mpaka Baba mdogo akaja juu, akasimama sebuleni na buti zake zenye oili, akaniuliza mimi ni nani hata nimnyime mjane gari la mumewe. Ufunguo ukarudi. Nikaweka matofali kwenye milango ya banda isifungike. Kesho yake niliyakuta matofali yamepangwa vizuri ukutani, moja juu ya jingine, na milango imefungwa. Shangazi nilipomwomba anisaidie, aliniambia, "Mwache wifi yangu. Kila mtu ana namna yake ya kulia." Nikamwambia hii si namna ya kulia, hii ni namna ya kufa. Akaniambia nina mdomo.

Ni kweli, ninao.

Mambo yalisogea siku Baba mdogo alipokuja kulibadilishia gari oili. Alifungua kifuniko cha mbele cha injini, akachungulia, akaita, "Shemeji, hebu njoo."

Mama alikuja. Baba mdogo alimwonyesha ule mkanda mpana wa mpira wenye meno upande wa ndani, mkanda wa taimingi, ambao ndio unaozifunga pamoja nusu mbili za injini: pistoni zinazopanda na kushuka huku chini, na valvu zinazofunguka na kufungika huko juu. Ulikuwa umepasuka nyufa ndogondogo mgongoni kote, kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta.

"Umechoka," alisema. "Siku yoyote utakatika. Na ukikatika, pistoni zinapanda wakati valvu bado ziko chini, zinagongana, na injini ndiyo basi tena."

"Ndiyo basi vipi, shemeji?"

"Haitawaka. Mpaka ipasuliwe yote, na hata hapo haitakuwa ile."

Mama aliweka kiganja kifuani. Sikupata kumwona ameogopa hivyo, hata hospitalini. Na mimi niliyekuwa nimesimama pale nikijiambia kimoyomoyo acha ukatike, ukatike hata leo, nilijikuta nafikiri kitu kingine: utakatika lini? Kabla Mama hajalala usingizi wake huo, au baada?

"Ubadilisheni," Mama alisema. "Lakini libaki kama lilivyo. Sitaki libadilike hata kidogo. Na afanye mwanangu. Ana mikono ya baba yake."

"Litabaki kama lilivyo," Baba mdogo alimhakikishia. "Tutanakili." Akanigeukia. "Umesikia, Diploma?"

"Nimesikia," nikasema.

Nilisema nimesikia. Sikusema nitafanya. Mtu asije akaniambia baadaye nilivunja ahadi.

Hilo neno kunakili lazima nilieleze, maana ndilo lililotufikisha tulipofika. Kiwandani kila injini hupigwa alama. Kwenye gia ya chini, inayozunguka na pistoni, kuna kidoti. Kwenye gia ya juu, inayosukuma valvu, kuna mkato. Na kila kimoja kina mwenzake kwenye mwili wa injini. Pistoni ya kwanza ikifika juu kabisa, kidoti kinatazamana na mwenzake na mkato unatazamana na mwenzake, hapo unavisha mkanda mpya. Hakuna uchawi. Lakini alama hizo ni ndogo, zimejaa grisi na vumbi, na kuzitafuta kunakula muda. Gereji yetu haikuwa inazitafuta. Baba aliwafundisha mafundi wake njia ya mkato: kabla ya kuutoa mkanda wa zamani, paka nukta za rangi ya kucha kwenye mkanda na kwenye gia, hapo hapo vilipo. Ulaze mkanda wa zamani juu ya mpya, hamisha nukta, hesabu meno yaliyo katikati, visha. Rangi ilikuwa nyekundu, ya Mama. Baba aliichukua kwenye meza yake ya kioo na hakuirudisha. Njia ni nzuri, na ya haraka. Ila ina sharti moja ambalo pale gerejini halikutajwa hata siku moja: aliyevisha kabla yako awe alivisha sawasawa. Kama yeye alipotea jino moja, wewe unarithi jino lake, unalinakili kwa adabu, unampa mwenye gari.

Tulifanya kazi baada ya chakula cha mchana. Jua lilikuwa kali, mabati yanalia kwa joto, na ndani ya banda mlikuwa na ule mwanga wa rangi ya chai unaopita kwenye matundu ya misumari. Milango niliifungua yote. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni. Baba mdogo alijiketia juu ya kreti la soda, mgongo wake ulikuwa umemkamata, hivyo kazi yake siku hiyo ilikuwa mdomo.

"Taratibu na hiyo bolti, Diploma. Hiyo haijasoma."

"Ndiyo maana inanisumbua, Baba mdogo. Wasiosoma wabishi."

"Kaka angekusikia."

"Ananisikia," nikajibu, na hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba natania.

Nilitoa vifuniko. Nukta nyekundu za Baba zilikuwepo, zimefifia lakini zinaonekana, moja kwenye gia ya juu, moja kwenye ya chini, na nyingine mbili mgongoni mwa mkanda. Nilizitazama muda. Kisha nikachovya kitambaa kwenye petroli, nikaanza kusugua gia yenyewe, nje ya zile nukta.

"Unatafuta nini?" Baba mdogo aliuliza.

"Alama."

"Alama si hizo? Nyekundu kama bendera."

"Hizo ni za Baba. Natafuta za injini."

Nilizipata. Nikaweka spana kwenye bolti ya gia ya chini, nikaizungusha injini kwa mkono, taratibu, mpaka kidoti cha chini kikatazamana na mwenzake barabara. Nikainua macho juu. Mkato wa gia ya juu haukufika kwa mwenzake. Ulikuwa umebaki nyuma, kwa umbali wa jino moja la mkanda.

Jino moja. Ukilitazama kwa jicho unaweza kusema si kitu. Lakini maana yake valvu zinafunguka zikiwa zimechelewa na kufungika zikiwa zimechelewa, kila mzunguko, siku zote. Petroli inaingia wakati si wake, nyingine inatoka haijaungua. Injini inakosa pumzi. Inakohoa.

"Baba mdogo," nikasema, "njoo uone."

Alikuja, ameshika kiuno. Alitazama juu, akatazama chini. Yeye ni fundi, na fundi mzuri. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Niliona taya lake likikaza.

"Kaka hakukosea," alisema.

"Liko jino moja nyuma."

"Labda alikusudia. Labda alilitaka hivyo, lisile mafuta."

"Linakula mafuta kama harusi. Baba mdogo, wewe unajua."

"Nilichosema ni kwamba kaka yangu hakukosea," akarudia, safari hii polepole, na akarudi kwenye kreti lake.

Mama ndiye aliyeongea, kule mlangoni, bila kutuangalia.

"Alikohoa," alisema.

Tuligeuka.

"Siku anauvisha huo mkanda. Mimi nilikuwa nimemshikia tochi. Alikuwa ameshika hiyo ya juu kwa mkono mmoja, huu mwingine unavuta mkanda, kikamjia. Mbili fupi, unajua vile. Akajizuia. Kisha ikaja ile ndefu, na mkono ukateleza. Nilisikia imesogea. Ilitoa kamlio, tik. Nikamwambia, mume wangu, imesogea. Alikuwa amechoka sana. Alikaa chini hapo hapo ulipo wewe. Akasema, iache hivyo hivyo, itatembea." Akalivuta vizuri lile pindo la mtandio. "Ikatembea. Tulipowasha tu nikakisikia. Kile kile. Kiliingia mle, mwanangu, hakikutoka tena. Yeye alitoka, chenyewe kikabaki."

Nzi alikuwa anajigonga kwenye kioo cha gari. Baba mdogo alitazama viganja vyake.

"Ukilirudisha hilo jino," Mama alisema, "hakuna mahali pengine alipo."

Nataka ieleweke kwamba nilimsikia. Nilimwonea huruma. Lakini nilikuwa nimemsikia pia asubuhi ile nyuma ya mabati, akiahidi. Mtu akimwambia marehemu nakuja, kuna vitu viwili vya kufanya: kumwachia njia au kuifunga. Sikuona cha tatu.

Nikalegeza kikaza mkanda. Nikautoa mkanda wa zamani, nikautupa mbali, kwenye jua, nukta zake na yote.

"Hujanakili," Baba mdogo alisema.

"Najua."

Niliisogeza gia ya juu jino moja mbele, mkato ukamtazama mwenzake. Nikavisha mkanda mpya kuanzia chini, nikiuvuta usilegee upande ule unaobeba nguvu, nikaupitisha juu, nikaurudisha kwenye kikaza, nikafunga. Kila kitu kilitazamana. Kisha nikafanya kile ambacho lazima kifanyike kabla hujagusa ufunguo: niliizungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, mpaka kidoti cha chini kikarudi nyumbani. Nikatazama juu.

Jino moja nyuma.

Sikushtuka sana. Hutokea. Ukiacha ulegevu kidogo upande mbaya, mkanda unaumeza na gia inarudi. Nilijilaumu, nikafungua, nikarudia. Nikauvuta mkanda mpaka ukalia kama uzi wa gitaa. Nikafunga kikaza kwa uzito wangu wote. Nikazungusha, mara mbili, huku nimelikazia macho lile gurudumu la gia ya juu. Liliondoka vizuri. Lilikwenda vizuri. Mwishoni kabisa, ikiwa imebaki kidogo tu kufika, nilisikia kwenye chuma, si masikioni bali kwenye mfupa wa kifundo cha mkono. Tik.

Jino moja nyuma. Na mkanda umekaza vile vile, hakuna ulegevu popote.

"Umeona?" Baba mdogo alikuwa amesimama, mgongo ameusahau. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hataki. Mwanangu, funga kama alivyofunga. Hataki."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Siku zote Diploma. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Upepo ulikuwa umekufa. Nilimtazama Mama, alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, midomo imefunguka kidogo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia hatua za mgeni anayemngoja. Injini ilikuwa imezimwa. Betri nilikuwa nimeichomoa waya mwenyewe. Bado alikuwa anasikiliza, na alitikisa kichwa kidogo, kukubali kitu.

Nikafungua mara ya tatu. Safari hii niliweka spana ya pili kwenye bolti ya gia ya juu, niishike kwa mkono wa kushoto wakati wa kulia unavisha mkanda. Niliisogeza mbele mpaka kwenye alama. Nikaishika. Ikanivuta.

Ngoja nieleze, maana najua mafundi watasema. Valvu zina springi, na springi husukuma. Ukiishika gia ya juu pale inapoelemewa unasikia inataka kurudi. Nilifundishwa hivyo na naamini hivyo. Lakini springi husukuma sawasawa, haichoki wala haiongezi. Hii iliongeza. Ilivuta kidogo, ikasita, ikavuta tena kidogo. Kisha ikavuta kwa muda mrefu, polepole, ikinigeuza kifundo cha mkono kurudi nyuma, kwa uzito ninaoujua. Huo uzito ulinishika mkono hivyo hivyo nikiwa binti mdogo, nikifundishwa kufunga bolti yangu ya kwanza, ukinirudisha, ukiniambia siyo huko, huku.

Jasho liliniingia machoni.

"Muombe," Baba mdogo alinong'ona. "Muombe tu ruhusa."

Sikumuomba. Nilikuwa nimekaa alipokaa yeye, nimeshika alichoshika yeye, na nilijua kwa nini anavuta. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mkewe alimwambia imesogea, naye akasema iache. Mdogo wake asingethubutu. Mafundi wake walinakili. Akafa hivyo, mtu mkubwa wa kazi yake, na jino moja lisilo mahali pake, na sisi tukalibeba hilo jino kama amana.

"Ulikosea, Baba," nikasema.

Nilisikia Baba mdogo akivuta pumzi. Kiti cha plastiki kililia.

"Ulikosea jino moja," nikasema, kwa sauti ya kawaida, ile niliyokuwa namjibia mezani. "Ulikuwa mgonjwa, mkono ukateleza. Lakini limekosewa, na linamuua Mama. Toa mkono."

Kwa muda ule uzito haukuongeza wala kupunguza. Kisha, sijui niseme vipi, ulitoka. Haukunyakuliwa. Ulitoka kama mtu mzima anavyotoa mkono wake begani mwako akishaona umejua njia. Gia ikabaki kwenye vidole vyangu, chuma tu, inasukumwa na springi tu. Nikavisha mkanda, nikafunga kikaza, nikazungusha mizunguko miwili. Kidoti chini, mkato juu. Nikazungusha miwili mingine. Pale pale.

Nilirudisha vifuniko, nikaunga waya wa betri. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenizuia. Mama alinyanyuka, akapita mbele yangu bila kunigusa, akaingia kwenye gari, akakaa kwenye lile bonde la kiti. Akageuza ufunguo.

Injini ilishika mara moja. Ilipanda, ikashuka, ikatulia katika mlio mmoja laini, wa sawasawa, mlio wa cherehani kwenye chumba cha jirani. Mama alisubiri. Aliinamisha kichwa, akasubiri pale ambapo mbili fupi zilipaswa kuja. Akasubiri pale pa kimya. Akasubiri pale pa ile ndefu. Mlio uliendelea tu, mzuri, hauna mtu.

"Hayumo," alisema.

Akazima. Akakaa na mikono kwenye usukani. Baada ya muda akashuka, akaufunga mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, akaenda ndani. Banda aliliacha wazi.

Tangu hapo hajarudi huko. Anaamka, anakunywa chai yake ingali moto, anakaa uani anachambua mchele. Kichwa hakimgongi. Rangi ya kawaida imerudi usoni, amenenepa kidogo mashavuni. Mimi haongei na mimi. Akitaka chumvi anamwambia Shangazi aniambie nimpe, na mimi nimekaa mkabala naye.

Juzi waliniita sebuleni. Baba mdogo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Shangazi alikuwa ameketi katikati ya kochi kama hakimu, na Mama pembeni, macho dirishani.

"Hatukulaumu kwa mkanda," Baba mdogo alianza. "Mkanda umeufunga vizuri, mimi mwenyewe nimelijaribu gari, linakwenda. Tunakulaumu kwa neno. Ulimwambia marehemu amekosea. Mbele ya mkewe. Mbele yangu mimi ndugu yake."

"Alikuwa amekosea, Baba mdogo."

"Hilo si hoja."

"Hoja ni nini?"

"Hoja ni kwamba hukumwomba hata ruhusa, ukamfukuza mtu kwake," alisema Shangazi. "Kaka yangu nilikuwa namsikia kila asubuhi. Sasa nakunywa chai na ukuta." Alijifuta pua kwa ncha ya nguo, na niliona kwamba hatanii. "Mwombe radhi mama yako, mwanangu. Mwombe radhi na baba yako huko aliko. Neno moja tu, halikuvunji taya. Yaishe, tukae kama watu."

Nilimtazama Mama. Alikuwa bado anaangalia dirishani, lakini vidole vilikuwa vimetulia juu ya paja, na nilijua anangoja. Nilijua pia kwamba nikilisema hilo neno atanigeukia, ataniita jina langu, labda hata atanishika kidevu. Nililitaka hilo kuliko kitu chochote. Shingo yake ilikuwa inapanda na kushuka. Alikuwa anapumua, taratibu, bila shida, katika chumba chenye madirisha wazi.

"Radhi siombi," nikasema. "Si kwa Baba, si kwa Mama, si kwenu. Mnisamehe msinisamehe, siombi."